Mwenza wa Baba

Kila Jumamosi asubuhi, kabla ya chai, kiatu cha kushoto cha Nukta kilikuwa hakijulikani kilipo. Nyumba nzima ilikwisha kuzoea. Kiatu cha kulia kilipatikana mlangoni, kimetulia na adabu zake. Cha kushoto kilipatikana kilipojisikia kupatikana: chini ya kabati, ndani ya ndoo, na safari moja juu ya redio.

"Mimi sikukiweka hapo," Nukta alisema. Alikuwa na miaka sita, mfupi na mviringo, na ndiyo sababu ya jina hilo.

"Kimejiweka chenyewe," alidakia dada yake. "Tunaiomba mahakama hii tukufu imwachie huru mshtakiwa."

"Mahakama hii tukufu inataka kuona vitanda vimetandikwa," Mama alijibu kutoka jikoni.

Dada huyo aliitwa Wakili. Alikuwa na miaka kumi na miwili, na jina alilipata siku alipoambiwa aoshe vyombo. Alisimama mbele ya karai akaeleza kwa utulivu kwamba vyombo vikilala majini hadi kesho vitakuwa vimelainika, kwa hiyo kuviosha leo ni kuvionea. Vyombo aliviosha vilevile. Jina likabaki.

Baada ya chai wasichana hao walikwenda kwa Baba, kukaa huko hadi Jumapili. Miezi michache nyuma Baba alikuwa amehamia katika chumba kilicho nyuma ya karakana yake. Yeye na Mama walikuwa wametengana, na kesi yao ya talaka ilikuwa mahakamani. Hawakutupiana sahani. Walitupiana "tafadhali" na "asante", na kwa Wakili hilo lilikuwa baya zaidi, kwa sababu zamani walitaniana kutwa.

Baba alikuwa fundi majokofu. Karakana yake ilijaa majokofu na mafriza ya kila umri: mengine yakinguruma, mengine yakitokwa na maji, mengine kimya kabisa. Jokofu lililokwisha kufa aliling'oa mlango siku hiyohiyo, maana mtoto akijifungia ndani hawezi kujifungulia. Mojawapo ya hayo yasiyo na mlango, refu na jeupe, lilikuwa limelazwa kwa ubavu pembeni. Wakili alikuwa amelitangaza kuwa ofisi yake. Aliweka mto humo, akakaa, akasoma, na mtu aliyepita hakumwona.

Jumamosi hiyo alikuwa ofisini kwake, Nukta akicheza uani, Baba alipoingia na bisibisi mkono mmoja na simu mkono wa pili.

"Matunzo ya watoto sina ubishi nayo," Baba alikuwa akisema. "Hao ni wanangu. Nilikuwa natoa kabla ya mahakama, na nitatoa." Akanyamaza akisikiliza. "Haya ya mwenza ndiyo yananiumiza kichwa. Sikatai, anastahili. Nataka tu kujua nitayapangaje." Akanyamaza tena, kisha akashusha sauti. "Watoto wasisikie kwanza. Nitawaambia mwenyewe mambo yakishakaa sawa. Haya, tutaonana Alhamisi."

Akatoka. Ndani ya jokofu, Wakili alibaki na kitabu kifuani na macho yamemtoka pima. Matunzo ya mwenza. Mwenza gani huyo, ambaye watoto wasisikie habari zake?

Jumapili jioni, waliporudi nyumbani, alimtafuta Kasuku. Kasuku alikuwa rafiki yake wa mlango wa pili, msichana aliyejua kila kitu, hasa vile visivyokuwapo.

"Mwenza?" Kasuku alisema. "We, hujui Kiswahili? Mke mwenza! Baba yako ana mwanamke mwingine."

"Labda ni mwenza wa kazi."

"Mwenza wa kazi anapewa matunzo? Fundi bomba akija kumsaidia baba yako, anaanza kumtunza?"

Wakili alikaa kizingitini.

"Pole, shoga," Kasuku alisema, na alimaanisha. "Kama ningekuwa wewe ningemtafuta huyo mwanamke nimjue."

Hapo ndipo Wakili alipoanza upelelezi, na mpelelezi aliyekwisha kuamua jibu hakosi ushahidi. Alikumbuka pazia jipya la maua katika chumba cha Baba. Mwanamume gani ananunua pazia la maua? Alikumbuka vikombe viwili vya chai karibu na sinki. Akamkumbuka, juu ya yote, Mama Barafu.

Mama Barafu aliuza aiskrimu. Alikuwa na mafriza mengi kuliko mtu yeyote mjini, na kila moja lilipougua lililetwa kwa Baba. Alikuwa na sauti ya tarumbeta. "Fundi wangu!" alikuwa akiita tangu barabarani. "Fundi wangu, friza langu vipi?" Wangu! Tena kila alipowakuta wasichana aliwapa aiskrimu bure. Wakili, ambaye kwa muda mrefu alidhani huo ni ukarimu, sasa aliitambua hongo.

Alimweleza Nukta usiku huohuo wakivaa nguo za kulalia. Nukta alisikiliza hadi mwisho.

"Kwa hiyo atapata watoto wengine?"

"Huenda."

"Wadogo kuliko mimi?"

"Lazima wawe wadogo kuliko wewe. Ndiyo kwanza wanazaliwa."

Nukta alijifunika shuka hadi puani. "Basi mimi siendi tena kwake," alisema, na shuka likaanza kutikisika. Wakili alimkumbatia. Alijiambia kwamba ukweli ni ukweli.

Jumatatu, akitoka shule, alipita kwa muuza samaki akaomba vichwa vya kumpelekea paka. Paka hakuwapo. Alikwenda moja kwa moja karakanani. Friza la Mama Barafu lilikuwa limesimama mlangoni, limepona, limefutwa, linasubiri gari la kulichukua. Baba alikuwa nyuma akinawa mikono. Wakili alivisukuma vile vichwa, ndani ya karatasi yao, katika uwazi wa chini nyuma ya mota, mahali penye joto zuri.

"Wakili! Umekuja kunisalimia?" Baba alitokea akijifuta kwa kitambaa. Alifurahi kweli.

"Shikamoo, Baba. Nilikuwa napita tu."

"Marahaba, mwanangu. Ngoja nikukatie embe."

"Sina njaa," Wakili alisema, akaondoka haraka.

Alhamisi ikafika. Mahakama ilikuwa imewatuma wazazi wao kwa afisa wa ustawi wa jamii ili wakubaliane, kabla ya hakimu kuamua, watoto watakaa wapi na nani atatoa nini. Afisa aliomba wasichana nao waje, kwa kuwa mambo yenyewe yalikuwa yao.

Ofisi ilikuwa ndogo. Ilikuwa na meza, viti vitano visivyofanana, kasha la vichezeo na feni iliyozunguka ilipopenda. Afisa alikuwa mama mnene mwenye sauti ya upole na miwani iliyokaa upande, hivi kwamba alionekana kama anamshuku kila mtu kwa jicho moja.

Mama alivumilia kwa muda, kisha akashindwa. "Samahani, dada. Naomba hiyo miwani." Akatoa bisibisi ndogo kama sindano kwenye mkoba wake, akakaza skrubu, akakunja mguu wa miwani kidogo, akairudisha. Ikakaa sawa.

"Ala! Kumbe dunia imenyooka," afisa alisema. "Umejifunza wapi?"

"Nilikuwa fundi miwani. Zamani. Nilikuwa nakata lenzi."

"Na ndiko unakotaka kurudi."

"Wakinipokea. Mashine zote zimebadilika. Lazima nianze na kozi, na kozi haina mshahara."

Baba aliingia amechelewa. Shati lake lilikuwa limelowa jasho, na pamoja naye iliingia harufu. Haikuwa kali sana. Ilikuwa ya samaki.

"Mniwie radhi," alisema, akikaa mbali na watu. "Mama Barafu amerudisha friza. Linanuka. Aiskrimu yote imenuka, wateja wamemtukana. Nimefungua kila bomba tangu alfajiri na sioni kitu. Amesema lisipopona leo, mafriza yake yote anayahamishia kwa fundi mwingine." Akajifuta uso. "Yeye ni nusu ya kazi zangu. Kwa hiyo yale niliyoahidi, ya watoto sawa, nitajibana. Lakini hayo mengine leo siwezi kuyatilia sahihi."

Uso wa Mama ukamshuka. "Nilijua."

"Ulijua nini?"

"Kwamba siku ya siku friza la mtu litaharibika. Kozi inaanza mwezi ujao. Nikiikosa, nasubiri mwaka mzima."

"Unadhani nimelitia uvundo mwenyewe?"

"Sidhani kitu. Ila kama ni hivyo, Jumamosi wasichana watabaki nyumbani."

"Na kama watabaki nyumbani, basi na mimi sitoi…"

"Hapo hapo!" afisa alisema, akapiga meza kwa kiganja. Feni ikashtuka ikaanza kuzunguka. "Nyote wawili, simameni hapo hapo. Watoto kumwona baba yao hakuuzwi hapa, hakuna tiketi. Matunzo yakichelewa tunadai matunzo, hatumfichi mtoto. Na mtoto asipoletwa, tunazungumza habari ya kuletwa, hatumnyimi chakula. Mmenielewa?"

Wazazi wakaangalia sakafu kama wanafunzi waliokamatwa nje ya darasa.

"Na wewe, mwanangu mkubwa," afisa alimgeukia Wakili. "Tumeambiwa unajua kusema. Unataka nini?"

Wakili alikuwa na hotuba. Alikuwa ameifanyia mazoezi bafuni. Alisimama, akakunja mikono nyuma, akaanza kwa sauti thabiti, "Sisi hatutaki tena kwenda kwa Baba. Hata akitoa matunzo. Yeye na akamtunze mwenza wake!"

Baba alikuwa kama mtu aliyemwagiwa maji baridi.

"Mwenza wangu yupi?"

"Mama Barafu," Nukta alisema, akaanza kulia. "Na watoto wenu wadogo."

"Mama Barafu!" Baba alisema. "Mama Barafu ana wajukuu! Nani amewaambia?"

"Wewe mwenyewe," Wakili alisema. Sauti haikuwa thabiti tena. "Kwenye simu. Ulisema matunzo ya watoto huna ubishi, lakini ya mwenza yanakuumiza kichwa. Na sisi tusisikie."

Afisa aliondoa miwani yake iliyonyooka, akafunika mdomo. Mama alimtazama Wakili, akamtazama Baba, akamtazama tena Wakili. Kitu kilianza kumtetemesha mabega.

"Mwanangu," alisema, "mwenza ni mimi."

"Wewe?"

"Mimi. Kwenye mambo ya mahakama, mwenza ni mume au mke. Huyo mwanamke mnayemchukia ndiye anayewapikia." Na Mama akacheka hadi akashika mbavu, huku machozi yakimtoka, na haikujulikana vizuri machozi hayo ni ya nini.

"Na pazia la maua?" Wakili aliuliza kwa unyonge.

"Ni lenu," Baba alisema. "Muuzaji aliniambia wasichana wanapenda maua."

"Hatupendi," Nukta alisema katikati ya kwikwi.

"Na yeye kukuita 'fundi wangu'?"

"Anamwita hata daktari wa meno 'daktari wangu'. Mama yule anamiliki watu."

Sasa Wakili alikuwa bado amesimama, na hotuba ilikuwa imeisha. Alimwona Baba akijinusa mikono kwa siri na kukunja uso. Alimwona Mama amekwisha kucheka, na macho yake yamerudi mezani, kwenye karatasi ya makubaliano, ile sehemu isiyo na sahihi. Hakuna aliyemshuku mtu yeyote. Angeweza kukaa, na Baba angefungua bomba hadi usiku, na Mama Barafu angeondoka, na kozi ingekwenda pamoja naye. Ilitosha tu kukaa.

"Friza halijaharibika," alisema.

"Nini?"

"Ni vichwa vya samaki. Viko chini, nyuma ya mota. Niliviweka mimi Jumatatu." "Nilidhani yeye ndiye mwenza."

Baba alimkodolea macho. "Nyuma ya mota," alirudia polepole. "Nimetoa gesi. Nimebadilisha bomba. Hata dua nimeomba. Nyuma ya mota!" Alitaka kukasirika, na kwa kweli alikasirika, lakini jicho lake likakutana na la Mama, Mama akapumua kwa kishindo puani, na wote wawili wakaangua kicheko. Ilikuwa mara ya kwanza kwa wasichana kuwasikia wakicheka pamoja tangu Baba ahame.

Kicheko kilipokwisha, Baba alivuta kiti chake karibu, harufu na yote.

"Kosa la kwanza ni langu," alisema. "Nilisema msisikie, mkasikia nusu. Sasa nisikilizeni yote. Nilipofungua karakana, mama yenu alikuwa na kazi nzuri kuliko yangu, katika duka la miwani. Kisha akazaliwa Nukta, kifua kinambana, hospitali kila wiki. Mmoja wetu alilazimika kubaki nyumbani. Alibaki yeye. Mchana anamuuguza mtoto, huku anapokea simu za wateja wangu. Mimi nikapata wateja na jina. Yeye kazi yake ikampita. Kwa hiyo nikimsaidia hadi amalize kozi na asimame mwenyewe, simpi zawadi. Narudisha fadhila."

Mama alikuwa ameacha kugusa mkoba wake. "Hukuwahi kuniambia hivyo," alisema.

"Nilidhani unajua."

"Nilikuwa najua. Nilikuwa sijasikia."

Afisa alikohoa kidogo. "Nami niongeze langu, kwa ajili ya wakili wetu. Haya ni matunzo mawili, usiyachanganye. Ya mtoto ni haki ya mtoto: chakula, ada, dawa, paa la nyumba. Wazazi wote wawili wanayabeba, kila mmoja kwa uwezo wake. Anayekaa na watoto hubeba kwa kupika na kukesha, mwingine huleta sehemu yake. Ya mwenza ni ya mke au mume aliyebaki nyuma kwa sababu ya familia. Si kila talaka ina hayo, na aghalabu huwa na mwisho, mtu akishasimama. Na kipato kikipungua kweli, fundi, hukai kimya wala huachi kutoa. Unarudi hapa, tunapanga upya. Mtoto hajafukuza mtu kwenye ndoa, wala si deni la mtu. Umenielewa, Nukta?"

"Ndiyo," Nukta alisema. "Sisi si deni. Naomba kile kichezeo cha tembo."

Makubaliano yalitiwa sahihi alasiri hiyohiyo, lakini baada ya Baba na Wakili kwenda kwanza kwa Mama Barafu. Wakili alisimama mbele yake akasema kila kitu bila kupunguza. Mama Barafu alisikiliza huku mikono iko kiunoni.

"Mimi?" alinguruma. "Mimi na fundi huyu anayekoroma mchana akisubiri gesi ijae? Mtoto wewe, umenivunjia heshima na umeniharibia aiskrimu. Aiskrimu iliniuma zaidi."

Hukumu ilitolewa papo hapo. Baba alikata hasara ya aiskrimu kwenye malipo ya ufundi. Wakili alihukumiwa kusugua mafriza yote ya Mama Barafu kwa ndimu na maji ya moto, Jumamosi baada ya Jumamosi, hadi Mama Barafu mwenyewe aingize pua ndani na kuridhika. Pua hiyo ilikuwa ngumu kuridhika. Baba alikuja kusaidia kuyainua yaliyo mazito, na wakisugua alimfundisha jina la kila kifaa. Mafriza hayakuhama.

Talaka ilitoka baadaye. Haikuwa siku ya furaha, na hakuna aliyejifanya kuwa ni siku ya furaha. Lakini mwezi uliotajwa ulipofika Mama alikwenda kwenye kozi, na jioni moja, baada ya talaka, akarudi na macho mekundu na vitabu vizito, akavitua mezani.

"Mama," Wakili aliuliza, "matunzo ya mwenza yakishaisha, wewe utakuwa nani kwa Baba?"

Mama alifikiri akivua viatu. "Nitakuwa mama wa watoto wake, kama sasa. Talaka imevunja ndoa, mwanangu. Haijavunja wajibu wetu kwenu, na ndiyo maana tunautimiza kila mwezi, hata mwezi tuliokasirikiana. Wewe nawe, siku nyingine ukisikia neno usilolielewa, njoo uniulize mimi au baba yako kabla hujaadhibu mtu. Na ukikosea, sema mapema kama ulivyosema pale ofisini. Ilikuwa vigumu, nilikuona. Ungenyamaza, nisingekuwa na vitabu hivi."

Akavuta kiti, akafungua kitabu cha juu, akakisukuma upande wa pili wa meza.

"Haya, kaa hapo unishikie kitabu. Kesho tuna mtihani. Niulize swali la kwanza, na usinihurumie."